SimCity BuildIt kwa anayeanza: ukimbize levo au ugande chini kwanza?

Nina miji miwili SimCity BuildIt, lile gemu la simu la kujenga na kuendesha mji. Wa kwanza upo kwenye simu yangu, huo niliukimbiza kama nadaiwa, nikafika levo 27 fasta halafu nikakwama kabisa. Wa pili upo kwenye tableti ya nyumbani ambayo ilinunuliwa kwa ajili ya masomo ya mdogo wangu (masomo yenyewe ndo haya sasa), huo nilikaa nao levo 10 wiki kadhaa bila haraka, nikapanda taratibu mpaka 18, nikaganda tena. Leo hii mji wa tableti una hela, una bustani, stoo inapumua, na ule wa kwenye simu nikiufungua nakutana na sura za hasira zimening'inia juu ya maghorofa, huyu hana polisi, yule maji taka yanamfurikia, na mimi mfukoni nina Simoleon (hela ya kawaida ya gemu) 2,300.

Kwa hiyo kama ndo umeidownload jana na unajiuliza uendeje, nakuwekea njia mbili hizi pembeni kwa pembeni, kukimbiza levo na kuganda. Zote zinachezeka. Ila hazifanani hata kidogo na moja kati ya hizo ukiikosea hakuna kurudi nyuma, nitafika huko.

Kwanza tuelewane levo ni nini kwenye hili gemu, maana hapa ndo wengi tunapigwa. Tumezoea magemu ambayo levo ikipanda unapata silaha kali, unapata nguvu. Huku levo ikipanda unapata bili. XP, yaani pointi za uzoefu, zinatoka hasa kwenye kujenga na kupandisha nyumba za watu, ukijaza XP unapanda levo, ukipanda levo gemu linakufungulia malighafi mpya na duka jipya, unafurahi, fataki zinapigwa, halafu kuanzia hapo nyumba zinaanza kukudai hivyo vitu vipya ulivyofunguliwa. Nyumba ambayo jana ilitaka misumari miwili na mbao leo inataka saruji. Hujawa tajiri zaidi, umeongezewa orodha ya mahitaji tu.

Angalia muda wa kiwandani uone ninachosema. Chuma dakika 1, magogo dakika 3, plastiki dakika 9, mbegu dakika 20. Hayo ndo yote unayokuwa nayo ukiwa levo 10. Ukifika 11 yanakuja madini, dakika 30. Levo 13 kemikali, masaa 2. Levo 15 vitambaa, masaa 3. Levo 17 sukari na viungo, masaa 4. Levo 19 vioo, masaa 5. Na bado, chakula cha mifugo masaa 6, vifaa vya umeme masaa 7. Unaona ngazi inavyopanda? Kila hatua mbili tatu unaongezewa lisaa kwenye kila kitu, na hapo ni malighafi tu, bado hujapeleka dukani kupikwa (duka huku ndo linageuza malighafi kuwa bidhaa).

Chukua mfuko mmoja wa saruji. Unataka madini 2 na kemikali 1. Kemikali zinakula masaa 2 kiwandani, madini unayaweka sambamba hayakucheleweshi, halafu dukani saruji inapikwa dakika 50. Masaa mawili na dakika hamsini kwa mfuko mmoja, na nyumba inaweza kukudai kadhaa kwa mpigo pamoja na vitu vingine vitatu. Wa levo 10 yeye akidaiwa kitu kizito sana ni kiti, ambacho kinataka magogo 2, msumari 1 na nyundo 1, dakika 20 dukani kimeisha. Anapandisha nyumba tano wakati wewe unasubiri saruji.

Hii ndo tofauti ya kwanza na ndo kubwa. Mji unaokimbia unaonekana unaenda mbio wiki ya kwanza, na kweli unaenda, kila nusu saa fataki. Baada ya hapo unapunguza mwendo wenyewe kama daladala iliyoingia foleni. Mji ulioganda unaonekana umelala lakini kila unachotaka kukifanya kinafanyika leo leo.

Sasa hela, hapa nitakaa kidogo maana ndo niligundua vitu ambavyo sikuvitegemea.

Watu wa kukimbiza hoja yao ni kwamba vitu vya levo za juu vinauzwa bei kubwa. Ni kweli. Bei ya juu kabisa ya msumari sokoni ni 80, nyundo 90, mbao 120, mboga 160, kiti 300. Ukienda juu unakuta saruji 440, unga 570, donati 950. Ukiangalia hivyo tu utasema kuganda ni ujinga. Lakini piga hesabu ya dakika. Msumari unatumia chuma 2, ambazo ukiziuza zenyewe ni 10 kwa 10, jumla 20. Unapika dakika 5, unauza 80. Faida 60 kwa dakika tano. Kwa saa nzima duka likiwa halisimami ni misumari 12, Simoleon 960, na ukitoa gharama ya chuma unabaki na 720. Kiti ambacho kinaonekana cha bei, ndani yake kuna magogo ya 40, msumari wa 80 na nyundo ya 90, jumla 210, kwa hiyo dakika 20 zote umeongeza 90 tu. Kwa saa ni 270. Yaani fundi misumari anamzidi fundi viti karibu mara tatu! Mi nilikuwa nauza viti najiona mjanja.

Donati nazo zina siri yake. Donati moja inataka unga 1 na sukari 1, inapikwa dakika 45. Unga wenyewe ukiuuza ni 570, sukari 110, jumla 680, donati 950, umeongeza 270 kwa dakika 45. Wakati unga, ambao unatengenezwa kwa mbegu 2 na vitambaa 2 (vyote hivyo ni 240 sokoni), unapikwa dakika 30 na unaongeza 330. Kwa hiyo kwa dakika unga unalipa kuliko donati, mtu anayeuza unga mbichi anamshinda mwenye mgahawa.

Ila usikimbilie kufuta donati, kuna kitu kinaitwa usingizi. Ukiwa umeshika simu misumari inashinda kila kitu. Ukilala, duka la misumari lenye foleni ya misumari minne linamaliza kazi ndani ya dakika 20 halafu linakaa wazi mpaka asubuhi, umeamka una Simoleon 320 za usiku mzima. Duka la donati na donati nne, masaa matatu linapika lenyewe wewe unakoroma, unaamka na 3,800. Ndo maana nilisema niliganda mara mbili, levo 10 nilipokuwa likizo na nashinda na tableti, na 18 nilipoanza kazi nikawa nafungua gemu asubuhi na usiku tu. Levo 18 ndo duka la donati linafunguka na unga unakuwa umeshaupata levo moja nyuma, yaani una biashara ya mchana na biashara ya usiku bila kuingia kwenye vioo vya masaa 5.

Nikumbushe hapo kitu ambacho anayeanza huwa hakioni. Kiwandani sloti zote (nafasi za kuwekea kazi) zinafanya kazi kwa pamoja, ukiweka kemikali nne zinatoka zote nne baada ya masaa 2. Dukani ni foleni, moja ikiisha ndo nyingine inaanza. Kwa hiyo malighafi ndefu ziwekwe wakati unaondoka, na duka lisikae tupu, hata msumari mmoja weka, duka tupu ni hasara inayotembea.

Mtu wa kukimbiza atasema na kodi je. Ndiyo, watu wakiwa wengi kodi ya manispaa inakuwa kubwa, na mji wangu wa simu una watu wengi zaidi, siwezi kubisha. Ila kodi inategemea na furaha pia, watu wakinuna inashuka, na mji unaokimbia mara nyingi umenuna. Halafu mji ulioganda nao unaongeza watu bila kuongeza levo, unaweka bustani karibu na nyumba, bustani inaongeza idadi ya watu kwa nyumba zote zilizoingia kwenye eneo lake. Mi hela ya misumari yote niliizamisha kwenye bustani. Mji mdogo umependeza, na kodi ikapanda levo ikiwa ile ile.

Huduma. Hapa kukimbiza kunauma vibaya. Mwanzoni unadaiwa umeme na maji tu. Ukipanda linakuja zimamoto, maji taka, takataka, polisi, hospitali, kila moja kwa levo yake, na siku likifunguliwa kila nyumba inalidai siku hiyo hiyo, huna siku saba za kujipanga. Umeme, maji, taka na maji taka ni rahisi kidogo maana ni namba tu za mji mzima, jengo likigusa barabara basi, hata ukiliweka pembeni kabisa ya ramani linahudumia wote. Ila zimamoto, polisi na hospitali vina eneo, nyumba ikiwa nje ya duara haihesabiki. Kwa hiyo aliyetawanya nyumba zake kama shamba la mihogo atanunua vituo vitatu vya polisi wakati mwenzie aliyebananisha ananunua kimoja.

Nilichofanya kwenye simu nikikumbuka najicheka. Nilipanda levo nne kwa wikiendi moja, nikashangilia, Jumatatu nikakuta nadaiwa huduma mbili kwa pamoja na hela yote nimeimalizia kupandisha barabara maana foleni ya magari nayo ilikuwa imejaa. Nyumba zikaanza kuhamwa, unaona ghorofa kabisa limekaa tupu. Nikauza kila kitu stoo kwa bei ya chini ili ninunue kituo kidogo cha polisi, nikakiweka, kikafunika nusu ya nyumba. Kwenye tableti nikiona huduma inakaribia naacha kupandisha nyumba, nauza misumari na mboga mpaka hela ya jengo imekaa benki, ndo napandisha nyumba mbili tatu za kuingia levo mpya, jengo linanunuliwa dakika hiyo hiyo na hakuna hata mmoja aliyenuna.

Tuje kwenye stoo. Ukiuliza yeyote aliyecheza miezi kadhaa atakwambia tatizo la SimCity BuildIt ni stoo, hela inakuja baadaye. Stoo inaanza ndogo, na kuikuza unataka vitu vya aina tatu kwa idadi sawa, kufuli, kamera na nondo. Havitengenezwi. Unavipata kwenye vile viputo vinavyotokea juu ya majengo ukivibonyeza, au unavivizia soko la dunia, la kuuziana na wachezaji wengine, ambalo linafunguka levo 10, na huko vikiwekwa vinanyakuliwa kabla hujavuta pumzi. Na uchungu wenyewe ni kwamba kufuli na kamera zako navyo vinakaa humo humo stoo vinakula nafasi. Nimewahi kuwa na kufuli 9, kamera 7, nondo 2. Nondo! Wiki nzima natafuta nondo kama najenga nyumba ya kweli Chanika, na ukichanganya na vipuri vya buldoza vya kupanulia ardhi ambavyo navyo ni aina tatu na navyo vinakaa humo humo, stoo karibu nusu ilikuwa ni vitu vya kusubiria vitu.

Sasa weka hali hiyo kwenye miji miwili. Wa levo 10 ana aina nne za malighafi na bidhaa chache za dukani, ukiweka tano tano za kila kitu bado una nafasi. Wa levo 27 ana malighafi kumi na moja, maduka manane, kila duka bidhaa kadhaa, akitaka mbili mbili tu za kila kitu stoo imeshajaa, na nyumba haidai mbili mbili. Jioni moja nakumbuka unga umeiva kwenye soko la wakulima (ndo duka linalopika unga na mboga), nikibonyeza naambiwa stoo imejaa, nikasema nitumie sukari kupika donati nipate nafasi, donati inataka unga, unga hauingii stoo. Nikatupa mboga tatu ili niokoe unga mmoja. Ndo siku nilifungua mji wa pili kwenye tableti.

Kwa aliyekwama hivyo kuna kamchezo kadogo, bidhaa iliyoiva usiitoe dukani kama huihitaji, iache pale pale, duka linakuwa stoo ya bure. Na hapo donati inarudisha heshima yake, nafasi moja ya stoo ikikaliwa na msumari imebeba 80, ikikaliwa na donati imebeba 950. Kwa hiyo wa stoo ndogo kwa mahesabu ya dakika auze unga, kwa mahesabu ya nafasi aupike uwe donati. Inategemea wewe kinachokubana ni kipi.

Kufuli, kamera na nondo unazipata kwa kufungua gemu mara kwa mara na kubonyeza viputo. Zinataka siku, hazitaki levo. Aliyeganda levo 10 mwezi mzima anaokota kila siku na stoo inakua wakati mahitaji yake hayakui. Aliyekimbia mahitaji yanakua kila siku na stoo inamfuata nyuma inahema.

Mambo ya ramani sitakaa sana maana hayatofautiani. Viwanda na bomba la maji taka vinachafua hewa, vipeleke pembeni mbali na nyumba. Umeme anza na wa upepo, hauchafui. Ule wa makaa ya mawe unatoa umeme mwingi kwa bei nafuu lakini ukiuweka karibu na watu wanahama. Kuhamisha jengo ni bure, kwa hiyo usiogope kukosea, mi mji wa tableti niliupangua wote siku moja umeme umekatika mtaani na sina cha kufanya, nikaupanga upya haikunigharimu hata Simoleon moja.

SimCash, ile hela nyingine ya gemu ya kijani ya kuharakishia vitu, ndo inaniuma nikikumbuka. Mji wa simu niliimaliza kwa kuharakisha, vioo vimebaki dakika 40 nabonyeza, hela hiyo. Mtu anayekimbia levo lazima ataimaliza hivyo hivyo maana kila kitu kinachelewa na kidole kinawasha. Aliyeganda hana cha kuharakisha, msumari dakika tano unaharakisha nini? Kwa hiyo inabaki, anafungulia sloti za ziada, kiwandani, dukani na kwenye kibanda cha kuuzia, na sloti ukishaifungua ni yako milele.

Nisiwe na upendeleo sana. Kuganda kuna mabaya yake, la kwanza ni kuchosha. Levo 10 ni misumari, mboga, nyundo, misumari, mboga, nyundo, siku ya tisa unajiuliza unafanya nini na maisha yako. Mengi yaliyo matamu yapo mbele, uwanja wa ndege, ufukwe, mlima, mikoa mingine, klabu na vita zake, yale majanga ya Dr. Vu (mhusika wa gemu) ya kuangushia mji wako kimondo halafu ukaujenga upya upate funguo za dhahabu. Mdogo wangu ndo alikuwa ananipigia kelele, "kaka si tupande tu tuone ndege inatua", na kiukweli ana haki, mtu anacheza afurahi. Halafu la pili, kama una marafiki wamekualika kwenye klabu yao na wao wapo levo 40, ukikaa chini huwasaidii kitu na watakutoa.

Na kukimbiza kuna watu kunawafaa kabisa. Kama una hela halisi ya kuweka kwenye gemu na huoni shida, kimbia, hela inafuta karibu kila nilicholalamika hapa juu. Kama una simu mbili na ukaamua moja iwe mji wa kulisha, yaani mji mdogo ambao kazi yake ni kupika tu na kuuzia mji mkubwa, basi mkubwa unaweza kukimbia maana una mama nyuma. Na kama unajijua wewe magemu huwa unacheza wiki mbili unafuta, ya nini kuganda, kimbia uone yote ufute kwa amani.

Wengine wote, na hasa wewe wa bando la siku na simu ya GB 3, mi nasema ganda. Gemu linataka intaneti muda wote, bila mtandao haliingii hata kwa kuangalia tu mji wako, lakini vilivyopo kiwandani na dukani vinaendelea kuiva ukiwa umelifunga. Hiyo ina maana swali la kujiuliza ni unafungua mara ngapi kwa siku. Muuza duka ambaye wateja wanakuja mmoja mmoja, simu ipo kaunta, anafungua kila dakika kumi: ganda levo 10, piga misumari. Mwenye kazi ya kutwa au mwanafunzi wa bweni anayeshika simu asubuhi na usiku: levo 10 itakutesa maana duka lako litakuwa tupu masaa ishirini, nenda mpaka 18 kwa mwendo wa kawaida, usipitilize, vitambaa na sukari ziive ukiwa kazini, jioni unga, usiku donati. Ukiingia 19 vioo vimekuja na hapo umeshaanza safari nyingine.

Na lile la kutorudi nyuma nililosema. Aliyeganda akichoka, akitaka kukimbia, anakimbia leo hii, anapandisha nyumba zote zilizokuwa zinasubiri anapanda levo mbili siku moja, hela ipo, stoo ipo. Aliyekimbia akitaka kuganda hawezi kushuka. Levo 27 hairudi kuwa 18, nyumba hazisahau kudai vifaa vya umeme, anachoweza ni kusimama pale pale alipo na msururu wote wa malighafi kumi na moja mgongoni. Mi wa simu nimeusimamisha hapo miezi sasa, sipandishi nyumba yoyote, naokota viputo tu na kuuza, umeanza kutulia lakini taratibu mno.

Kama utaganda, hivi ndo vitu nilivijaza kabla sijaondoka levo 10: stoo nilishaipanua mara kadhaa, sloti za duka la vifaa vya ujenzi zote nilizoweza, hela ya huduma inayofuata ikiwa imelala, na bustani zimefunika nyumba zote. Levo 18 nasubiri stoo tena kabla ya kuingia kwenye vioo. Kufuli zipo 12, kamera 12.

Nondo 8.